Tozo za miamala ya simu: kwa nini 1% ya Uganda iliuma kuliko 15% ya Kenya?

WakalaMutukula

Habarini wakubwa kwa wadogo, shikamooni mnaostahili. Nina swali la kodi, nimezunguka nalo kichwani wiki nzima, sasa naona nilete kwenye watu wengi.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, niko Mutukula mpakani upande wa Tanzania, kibanda nilifungua 2016. Hapa kwetu mitandao ya nchi zote mbili inashika kwa hiyo wateja wengi wana laini mbili, ya huku na ya kule, na aliyekuja kwangu asubuhi jioni unaweza kumkuta kwa wakala wa ng'ambo. Sasa 2018 mwezi wa saba Uganda walipoanza kukata 1% kwenye mobile money niliona kwa macho yangu watu wanavuka kuja huku, yaani floti, ile akiba ya kuhudumia wateja, ilikuwa inaisha saa nne asubuhi, nikaajiri binti wa kunisaidia. Halafu 2021, mwezi wa saba huo huo, zamu ikawa yetu. Tozo ikaanza, wale wale wakarudi kwao na wa kwangu wakawafuata. Watu wakaanza tena kumpa konda wa basi la Bukoba bahasha ampelekee mama, kitu ambacho kilikuwa kimeshakufa kabisa. Yule binti nikamwachisha, na mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni naumia.

Kilichonileta ni hiki. Juzi kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu, shemeji yangu anayekaa Nairobi akasema sisi Watanzania tulilalamika bure, Kenya serikali inakata 15% kwenye M-Pesa na maisha yanaendelea, sisi tumekatwa vijisenti tukapiga kelele nchi nzima. Na kikao kizima kikamkubali. Nilikaa kimya kwa sababu ni shemeji na amenizidi umri, halafu sikuwa na namba za kumjibu, lakini moyoni najua hesabu haiko hivyo maana mimi ndiye niliyekuwa dirishani naangalia nyuso za watu wakisoma meseji ya makato.

Sasa naomba mwenye kujua anieleze taratibu. Inakuwaje 15% isiue biashara na 1% iue? Ni kodi ya aina moja au ni vitu viwili tofauti? Na nchi nyingine waliojaribu iliwaendea vipi, walifuta au bado wanakata?

---

MhasibuWaIlala

Dada, shemeji yako hajadanganya namba, alichosahau ni kuuliza hiyo asilimia ni ya kitu gani. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Kenya wanatoza ushuru wa bidhaa kwenye ADA, yaani kile kipesa ambacho kampuni ya simu inachaji kwa kazi ya kukusafirishia hela. Uganda 2018 walitoza kwenye KIASI chenyewe kinachotumwa. Chukua namba nyepesi tu ya mfano, unamtumia mtu 100,000 na ada ya kampuni ni 1,000. Ukikata 15% ya ada serikali inapata 150. Ukikata 1% ya kiasi serikali inapata 1,000. Kwa hiyo ile "moja" ni karibu mara saba ya ile "kumi na tano", na hapo ni hatua moja tu ya safari ya hiyo hela. Mweleze shemeji kwa kalamu na karatasi, ataona mwenyewe.

Lakini ukubwa ni sehemu moja tu ya shida. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba kodi ya kiasi haiulizi hiyo hela ni nini. Chukua mtumishi wa mshahara wa 600,000. Kwa viwango vyetu vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, 270,000 ya kwanza haikatwi, kuanzia hapo mpaka 520,000 ni 8%, inayozidi hapo mpaka 760,000 ni 20%, kwa hiyo kabla ya kuingiza makato ya mfuko wa hifadhi anatoa 36,000. Hela inayobaki mkononi imeshalipiwa kodi. Akimtumia mama yake 50,000 ya dawa, mama hajauza kitu, hajapata faida, amesaidiwa na mwanae, na serikali inakata akituma na inakata mama akitoa. Hakuna kipato kipya kilichozaliwa hapo katikati. Hela imehama mfuko tu.

Na kwenye biashara ndiyo mbaya zaidi. Watu wanashangaa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni 18% na wafanyabiashara wanaishi nayo, sababu ni kwamba VAT mwenye usajili anarejeshewa ile aliyolipa kwenye manunuzi, anapeleka TRA, mamlaka yetu ya mapato, tofauti tu. Tozo ya kiasi haina cha kurejeshewa, mteja akilipa muuza duka imekatwa, muuza duka akimlipa wa jumla imekatwa, wa jumla akimlipa msambazaji imekatwa tena, kila mkono inakopita inaacha ngozi. Biashara yenye mikono mingi na faida nyembamba, kama ya nafaka au dagaa, inalazimika kurudi kwenye noti.

Sasa nikupe historia, na hii inaniuma kwa sababu sisi tulishajifunza halafu tukasahau. Bajeti ya 2013 Tanzania iliweka ushuru wa 0.15% kwenye kila muamala unaozidi 30,000. Makelele yakawa mengi, 2014 wakaufuta na kuweka 10% kwenye ada, mfumo ule ule wa Kenya. Ulikaa miaka na hakuna mtu aliyekuja kibandani kwako kuulalamikia, wengi hawajui hata kama upo. Halafu 2021 Sheria ya Fedha ikarekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na tozo ikarudi kwenye kiasi, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na ukubwa, kwenye kutuma na kwenye kutoa, na ule ushuru wa ada haukuondoka. Ilianza tarehe 15 Julai. Mwezi wa tisa ikapunguzwa 30%. Julai 2022 kilele kikashushwa mpaka 4,000. Agosti 2022 wakaipeleka na benki. Na angalieni kilichotokea hapo, mama zetu wa vijijini walilalamika mwaka mzima wakipunguziwa kidogo kidogo, ila tozo ilipogusa akaunti za mishahara haikupita hata miezi miwili, kuanzia Oktoba wakafuta kuhamisha kati ya benki na simu, wakaachia ATM isiyozidi 30,000, na kadhalika. Bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa kati ya hao walioanza kupiga kelele Agosti 2022. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nalipa tu nanyamaza.

---

MitumbaNakuru

Dada wa Mutukula pole sana kwa hio biashara. Mimi ni Mkenya niko Nakuru nauza mitumba, nataka kumsaidia huyo shemeji wako kidogo halafu nimpinge.

Ni ukweli tunakatwa kwa ada. Ilianza 10%, 2018 ikapanda ikawa 12, 2023 ikawa 15. Na si kwamba hatusikii, mama mboga anayetuma mara kumi kwa siku anasikia. Ila huoni kwa meseji "ushuru wa serikali kiasi fulani", unaona tu gharama ya kutuma imepanda, kwa hivyo hasira inaenda kwa kampuni. Hio pia si haki vile naona, mtu anafaa kujua ni nani anamkata.

Lakini kusema sisi hatujapiga kelele, hapana. Shemeji alikuwa wapi Juni 2024? Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kutoa hio 15 iende 20, mkate uwekwe VAT ya 16%, na kila mwenye gari alipe 2.5% ya thamani ya gari yake kila mwaka. Vijana wakaingia barabarani, tarehe 25 wakafika mpaka ndani ya bunge, watu wakapigwa risasi wakafa, kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Hio 15% imebaki 15 kwa damu ya watoto wa watu. Nikisikia mtu anasema Kenya maisha yanaendelea nasikia vibaya.

Na hata kabla ya hapo 2018 serikali yetu ilijaribu hii mambo ya kiasi. Walitaka 0.05% kwa kila pesa kutoka 500,000 kwenda juu inayotumwa kwa benki, wakaiita Robin Hood, eti ni ya matajiri. Mabenki wakaenda kortini ikasimamishwa, bunge nayo ikaitoa. Sasa linganisha, kodi iliyokuwa inagusa wenye nusu milioni ilipata wakili siku hio hio. Ya mama wa kijijini inatafuta wakili wapi?

Mhasibu ameongea kitu cha maana kuhusu faida nyembamba, na mimi nitaongezea ya kwetu maana ni ugonjwa ule ule. Turnover tax ilikuwa 1%, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaifanya 3% kwa wenye mauzo ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka. Ya mauzo, si ya faida. Mimi nikiuza mzigo wa 100,000 nikiwa na bahati nabaki na 8,000, hapo 3,000 imeenda. Mwezi ule bei ya bale imepanda na nimeuza kwa hasara bado ni 3,000. Hata ile ya gari ilikuwa hivyo tu, haiulizi gari imekuletea nini, inauliza gari ni ya bei gani.

---

MwalimuKataYetu

Naomba nami niseme upande mwingine, na naomba msinichukulie vibaya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, kijijini hasa. Mwaka 2021 wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza walikuwa wanasoma kwa zamu kwa sababu madarasa hayatoshi. Serikali ilisema fedha za tozo zinakwenda kwenye madarasa na vituo vya afya, na tarafani kwetu kituo cha afya kilisimama ambapo zamani mama mjamzito alikuwa anapelekwa kwa pikipiki usiku. Mimi nimeona jengo na nimeona mama anatoka na mtoto mikononi. Kwa hiyo tukisema tozo ilikuwa wizi mtupu hapana, sikubali.

Halafu kuna jambo ambalo mhasibu hajaligusa. Mimi PAYE inanikata kabla sijaushika mshahara. Kuna mfanyabiashara hapa kijijini anauza mbao, ana malori mawili, hana TIN (namba ya mlipakodi), hatoi risiti, TRA hawajui kama yupo duniani. Lakini ana simu. Mtu kama huyo utampata wapi kama si kwenye simu? Nchi zetu watu wengi kipato chao hakiko kwenye karatasi, Ulaya wanaweza kusema tutoze kipato kwa sababu wanakiona. Sisi tunachokiona ni muamala.

Naungana na dada kwamba wakala aliumia. Ila tuseme basi hela ya lile jengo ingetoka wapi.

---

WakalaMutukula

Mwalimu nashukuru, na sijakuchukulia vibaya hata kidogo, mimi mwenyewe nimejifungulia kituo cha afya na najua maana yake. Lakini huyo wa mbao unayemsema, huyo hapa kwetu yupo pia, na nakuambia kwa kuwa nilikuwa wakala wake, ndiye wa kwanza kuacha. Mwenye malori mawili ana namna, anaweka noti kwenye begi anapanda gari anakwenda kulipa mwenyewe. Aliyebaki anakatwa dirishani kwangu ni yule ambaye mwanae yuko Dar na hawezi kusafiri kuja kumpa elfu ishirini mkononi. Yaani wavu ulitupwa kumkamata sangara, sangara akaruka, dagaa wakabaki ndani.

Mhasibu na kaka wa Nakuru nimeandika kila kitu kwenye daftari. Ile hesabu ya 150 na 1,000 nimeirudia mara tatu.

---

BukavuMoja

Bandugu jambo. Siye hapa Kongo ilikuwa ni RAM, mulisikia? Kuanzia 2020 walikuwa wanatukata unite kwa simu, unaweka kredi asubui unaona imepunguka, eti ni ya kuandikisha simu yako kama si ya kuiba. Mwenye kasimu kadogo alikuwa analipa kidogo na mwenye simu ya intaneti dola saba kwa mwaka kwa vipande vipande. Watu walikataa sana, na kule bungeni waliulizana hiyo feza inaingia wapi, mwanzo wa 2022 ikafutwa. Ya kwetu haikukuwa ya kiasi wala ya ada, ilikuwa ya kumiliki simu tu. Kwangu naona iliuzi watu kuliko zote juu hakuna kazi hata moja uliyofanyiwa. Mama wa mpaka, hata huku ukikata sana upande huu watu wanavuka mto Ruzizi.

---

Kumasi_Mtz

Nimefika kwa kuchelewa ila lazima niandike, maana mimi ni Mtanzania nasoma Kumasi Ghana na nimeiishi hii kitu mwanzo mpaka mwisho.

Ghana waliita e-levy. Waziri wa Fedha wa wakati huo Ken Ofori-Atta aliitangaza kwenye bajeti Novemba 2021, yaani miezi minne tu baada ya tozo yetu kuanza na miaka mitatu baada ya Uganda kuungua, na Uganda walikuwa wameshakubali kosa, Novemba 2018 walishusha kutoka 1% mpaka 0.5% na kwenye kutoa tu. Habari zote zilikuwa wazi. Cameroon nao wakaanza 0.2% Januari 2022. Nilikuwa najiuliza hivi mawaziri wetu hawasomi ya wenzao, au wanasoma ile sehemu ya makusanyo tu?

Pendekezo lilikuwa 1.75%. Wabunge walipigana ngumi kabisa Desemba, sheria ikapita Machi, ikaanza tarehe 1 Mei 2022 kwa 1.5%. Ila Ghana waliweka vitu viwili ambavyo sisi hatukuweka na vinastahili kusemwa. Cha kwanza cedi 100 za kila siku hazikatwi, kwa hiyo mtu anayetuma hela ya mboga haguswi. Cha pili ukihamisha hela yako mwenyewe kutoka akaunti yako kwenda akaunti yako hawakati. Kwenye karatasi ni nzuri kuliko ya Tanzania mara mbili. Na bado ilikataliwa. Mama ninayepanga kwake anauza nguo pale soko la Kejetia, aliandika kwenye kibao HATUPOKEI MOMO, yaani hela ya simu, na huyu kabla ya hapo alikuwa hataki hata kushika noti.

Serikali ilitarajia cedi bilioni 6.9 mwaka ule wa kwanza, kufika katikati ya mwaka ikashusha makadirio mpaka milioni 611. Someni tena hizo namba. Januari 2023 wakapunguza ikawa 1%. Mwisho serikali mpya ya Rais Mahama ikaifuta kabisa Aprili 2025.

Kwa hiyo mwalimu, shikamoo, naelewa uchungu wa madarasa. Lakini kodi ambayo mtu anaweza kuikwepa kwa kutembea na noti mfukoni haikusanyi kile ulichokipangia, na madarasa yanabaki msingi. Halafu hata huyo wa mbao unakuwa umempoteza kabisa, maana siku zile hela zake zilipokuwa zinapita kwenye simu kulikuwa na kumbukumbu, TRA wangeweza kumfuata na kumwambia mauzo yako ni haya. Ukimkata kwenye muamala anarudi kwenye begi la noti na kumbukumbu inakufa.

Nigeria hawajafuta ya kwao ila waliifanya tofauti, ni naira 50 tu kwa uhamisho wa kuanzia 10,000, utume elfu kumi utume milioni ni 50 hiyo hiyo. Mwenye kidogo anaumia zaidi kwa uwiano, lakini angalau anajua, na si kubwa ya kumfanya akimbie.

---

DadaHouston

Niongeze ya huku Marekani kwa sababu wengi wetu tunaotuma nyumbani inatuhusu moja kwa moja. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya 1% kwa hela inayotumwa nje ya nchi, ilipita kwenye ile sheria kubwa ya Julai 2025. Mwanzo walitaka 5%, ikashuka 3.5%, mwisho ikawa 1%. Lakini inamhusu anayelipa kwa noti mkononi, au money order, au hundi ya benki. Ukituma kutoka kwenye akaunti yako ya benki ya hapa au kwa kadi ya hapa hukatwi.

Sasa niambieni ni nani anakwenda dirishani na noti. Ni yule aliyefika jana, anafanya usafi hotelini, hana karatasi za kufungulia akaunti. Mimi nina akaunti sikatwi senti, mdogo wangu aliyekuja mwaka juzi anakatwa. Nimesoma mhasibu alivyoandika kuhusu benki ya Agosti 2022 nikasema ni kule kule.

Kaka yangu yuko Muscat, huko mpaka sasa mshahara wake haukatwi kodi ya mapato kabisa, kuna VAT ya 5% tangu 2021 basi. Wametunga sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi ianze 2028, 5%, ila ni kwa anayezidisha rial 42,000 kwa mwaka, kaka yangu dereva hataifikia hata akiendesha usiku na mchana. Waoman walianza na wa juu kabisa. Kwa nini kwetu tunaanzia kwa anayetuma elfu ishirini?

---

MhasibuWaIlala

Kumasi umenisaidia sana kwenye ile hoja ya kumbukumbu.

Mwalimu, swali lako la jengo ni la haki na sitalikimbia. Mimi ningeanza na huyo wa mbao kama mwenye kipato. Kwa sheria yetu ya wafanyabiashara wadogo, tangu 2022 mwenye mauzo ya milioni 11 mpaka 100 kwa mwaka analipa 3.5% ya mauzo, na aliye chini ya milioni 4 halipi kitu. Kaka wa Nakuru atanisuta hapa na atakuwa sahihi, hiyo nayo ni ya mauzo na inaumiza mwenye faida nyembamba kama 3% yao tu. Lakini ina sakafu, mama anayepokea elfu ishirini yuko nje yake. Rwanda wamefanya kitu kingine ambacho natamani tukiige, tangu 2024 mnunuzi wa kawaida akidai risiti ya mashine ya EBM (mashine yao ya risiti za kodi) kwenye duka anarudishiwa 10% ya ile VAT kwenye simu yake. Yaani mteja analipwa kumuibua mwenye duka kwenye vitabu. Fikiria fundi na mama ntilie wote wanadai risiti ya mbao kwa jamaa yako. Hapo hajakatwa mtu msaada wa mama yake.

Na Katiba yetu ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge, hiyo ilifuatwa 2021, sheria ilipita kihalali. Kilichokosekana ni kile ambacho Wakenya wanacho kwenye ibara yao ya 201, ushirikishwaji wa umma kwenye mambo ya fedha, ambao mtu anaweza kwenda nao mahakamani. Kwao mahakama inaangusha hata kodi kwa sababu nyingine, tozo yao ya nyumba ya 1.5% ilianguka Novemba 2023 kwa kukosa mfumo kamili wa sheria na kubagua wenye ajira rasmi, ikabidi watunge sheria upya Machi 2024. Bado wanaikata, najua, lakini walilazimishwa kurudi bungeni.

---

MitumbaNakuru

Sikusuti kaka, umesema yenyewe. Ila hio ya Rwanda ikija hapa Nakuru mimi nitakuwa wa kwanza kutoa risiti, wateja wangu watanifuata wenyewe kuidai.

---

WakalaMutukula

Jamani nimesoma yote jana usiku baada ya kufunga. Nilichukua madaftari yangu ya zamani nikahesabu, Juni 2021 siku za kawaida nilikuwa nafika miamala 80 na kitu, Agosti ile ilikuwa haifiki 35. Sikuwahi kuzihesabu, nilikuwa najua tu kwa njaa.

Nikampigia shemeji. Nilimwambia shemeji samahani nina jambo dogo la kile kikao, nikamsomea ile hesabu ya 100,000. Akanyamaza halafu akaniambia nirudie. Halafu akasema kumbe alikuwa anajua kwamba ni 15% lakini hajawahi kujiuliza ya nini. Tumeongea na habari za Juni 2024, kumbe kijana wa jirani yake alikuwemo barabarani siku ile na hajarudi sawa, ndiyo maana hapendi kuongelea. Sikulijua hilo.

Tozo ya kutuma ilipoondoka 2023 wateja wamerudi kiasi, hawajafika kama zamani. Wengi sasa wanalipa kwa lipa namba dukani ili wasitoe. Binti nimemtumia ujumbe aje Jumatatu tuone kama ataweza nusu siku.

Swali la mwisho mhasibu, kamisheni yangu nakatwa 10% kila mwezi kabla haijaingia, hiyo nayo ni tozo au ni nini? Maana siku zote nimekuwa naiweka kwenye kundi moja na zile nyingine.

---

MhasibuWaIlala

Hapana dada, hiyo ni kodi ya zuio na ni ya kipato chako wewe, kamisheni uliyoifanyia kazi. Kampuni inaikata na kuipeleka TRA kwa jina lako na kwa TIN yako. Waombe wakupe cheti cha zuio, kile kinachoonyesha kiasi walichokata na mwezi gani, uweke kwenye faili, usikubali kuambiwa iko kwenye mfumo. Ukienda kufanya makadirio unakipeleka ili wakuonyeshe imehesabiwaje kwenye kodi yako. Kama hujawahi kukiomba tangu 2016 anza na cha mwaka huu, halafu uwadai na vya nyuma.